UZI: Dada Nivedita (Margaret Noble) na shule ya wasichana ya Bosepara Lane, Calcutta: ilivyofunguliwa, ilivyofungwa, ilivyosimama

#1 Kibarazani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Dada Nivedita anapotajwa, maneno huishia kwenye sura mbili: Mzungu aliyevaa kanzu nyeupe akamfuata mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, au Mzungu aliyewaunga mkono wapigania uhuru wa India. Shule yake hupitwa kwa sentensi moja. Mimi naona shule ndiyo mahali ambapo ibada yake inaonekana kwa macho, kwa hiyo nawaomba wenye ujuzi tuiandike humu kwa undani: nani alifanya nini, lini, kwa vifaa gani, na wapi palikwama.

Naanza na mambo ya msingi ili tusirudie makosa yanayozunguka mitandaoni.

Alizaliwa Dungannon, jimbo la Tyrone, Ayalandi, tarehe 28 Oktoba 1867. Wengi humwita Mwingereza; alikuwa Mwayalandi, na hilo lina uzito katika siasa zake za baadaye. Baba yake, Samuel Noble, alikuwa mchungaji, akafariki binti akiwa na miaka 10. Mwaka 1884, akiwa na miaka 17, akaanza kufundisha Keswick, kaskazini mwa Uingereza. Kutoka hapo akaenda Rugby kwenye nyumba ya yatima, kisha Wrexham, mji wa wachimba migodi, kisha Chester. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alihamia Wimbledon kufundisha watoto wadogo kwa njia ya Froebel, na baadaye akafungua shule yake mwenyewe huko huko. Novemba 1895 ndipo alipomsikia Vivekananda kwa mara ya kwanza, kwenye sebule ya nyumba moja jijini London.

Maana yake ni kwamba alipofika Calcutta (leo Kolkata), jiji la Bengal, mashariki mwa India, mwaka 1898 alikuwa na zaidi ya miaka 13 ya ualimu. Hakwenda India kujifunza kufundisha. Kilichomtoa jasho ni kuufumua ualimu aliokwenda nao na kuusuka upya kwa uzi wa pale pale.

#2 MwanaPwani

Ahsante mleta uzi. Naongeza jambo dogo ambalo watu wa huku kwetu hulifurahia: meli iliyomfikisha Calcutta tarehe 28 Januari 1898 iliitwa Mombasa. Ila isije ikatafsiriwa kwamba alipita bandari yetu. Jina ni la meli tu. Safari ilikuwa ya kutoka London kwa njia ya Suez, ikagusa Madras kabla ya Calcutta. Vivekananda mwenyewe alikwenda gatini kumpokea.

#3 Mwl_Chekechea

Nichukue upande wa Froebel, kwa sababu bila kuuelewa hutaona Nivedita alibadilisha nini.

Friedrich Froebel alikuwa Mjerumani, mwanzilishi wa chekechea mwaka 1837. Mfumo wake una vifaa maalumu alivyoviita "zawadi", vinavyopewa mtoto kwa mpangilio. Ya kwanza ni mipira 6 ya sufu, kila mmoja na rangi yake: nyekundu, njano, buluu, kijani, chungwa na zambarau. Ya pili ni maumbo matatu ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Ya tatu ni mchemraba wa inchi 2 uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa. Ya nne ni mchemraba wa ukubwa ule ule, lakini vipande vyake 8 vina umbo la matofali. Ya tano ni mchemraba wa inchi 3, vipande 27, ambapo 3 vimekatwa nusu kwa mshazari na 3 vimekatwa robo, jumla inafika vipande 39. Baada ya hapo zinafuata kazi za mikono: kukunja karatasi, kufuma vipande vya karatasi, kutoboa michoro kwa sindano, kushona juu ya matundu, kufinyanga udongo.

Kusudi ni mtoto aende kutoka kitu kizima hadi sehemu zake na kurudi kwenye kizima, kwa vidole vyake mwenyewe. Anavunja mchemraba, anajenga kiti, anakijengua, anaurudisha mchemraba. Namba na umbo vinaingia kabla ya maneno.

Sasa makosa. Hitilafu ya kwanza, na ilitokea hata Ulaya, ni mwalimu kugeuza zawadi kuwa gwaride: watoto wote wanainua kipande kimoja kwa wakati mmoja kwa amri. Hapo kifaa kimebaki na wazo limekufa. Ya pili inatokea mfumo unapovushwa bahari. Sanduku la mbao lililochongwa Ulaya ni ghali, kipande kimoja kikipotea seti imeharibika, na mtoto hana kitu nyumbani kinachofanana nalo. Anajifunza kwamba elimu ni kitu cha sandukuni, tena cha wageni.

Nivedita aliliona hili mapema. Maandiko yake juu ya elimu, mengine yaliyotolewa baada ya kifo chake, yanashikilia kwamba mtoto aanzie kwenye anachokijua ndipo aende asichokijua, na kwamba chekechea ya India lazima izaliwe ndani ya maisha ya India. Udongo wa mfinyanzi wa Ganges, mbegu, maua, hadithi za Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za India, ambazo mtoto amezisikia kwa bibi yake tangu yuko mgongoni. Kanuni ikabaki ya Froebel, mikono ikapewa vya kwao.

#4 Jirani_Mwema

Wakuu, swali la mtu anayejifunza. Je, alibadili dini rasmi? Na alikuwa mtawa kamili kama wale wa Belur, makao ya watawa wa Vivekananda? Naona wengine wanamwita "sista" kama wa kanisani.

#5 Mzizima_Kale

Swali zuri ndugu Jirani, na jibu lake linahitaji uangalifu.

Neno "Dada" kwake si cheo cha shirika la kanisa. Tarehe 25 Machi 1898, karibu na Belur, ng'ambo ya mto, Vivekananda alimpa kiapo cha brahmacharya, yaani useja na nidhamu ya mwanafunzi wa kiroho, pamoja na jina Nivedita, maana yake "aliyetolewa wakfu". Wakristo mtaitambua tarehe hiyo: ni sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, na mwenyewe alilitaja jambo hilo kwa uzito. Taratibu za siku hiyo zilikuwa chache. Alifundishwa kwanza kumwabudu Shiva, na mwisho akatakiwa kuweka maua miguuni pa Buddha, akiambiwa amfuate yule aliyetoa uhai wake kwa ajili ya wengine mara mia tano kabla ya kuufikia ubuddha. Tazameni mpangilio: unaanza kwa ibada, unaishia kwa huduma.

Mwaka mmoja baadaye, 25 Machi 1899, akafanywa brahmacharini wa kudumu. Hatua ya mwisho ya utawa, inayoitwa sannyasa, yenye vazi la rangi ya ngeu, hakupewa. Kwa hiyo ukimwita mtawa kamili utakuwa umezidisha, na ukimwita mfuasi wa kawaida utakuwa umepunguza.

Kuhusu kubadili dini: hakukuwa na ubatizo wa kinyume wala cheti. Katika Uhindu wa wakati ule hapakuwa na mlango uliozoeleka wa mgeni kuingilia. Mtu alizaliwa ndani ya tabaka lake. Ndiyo maana jambo zito kuliko kiapo, kwa macho ya mtaa, lilitokea siku nane kabla. Tarehe 17 Machi 1898 alipelekwa, pamoja na wanawake wenzake wa Kizungu, kwa Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna (mwalimu wa Vivekananda), bibi wa tabaka la juu la Kibrahmani aliyeishi kwa kufuata mila. Sarada Devi akawapokea wale wanawake wa Kizungu, akala pamoja nao, akamwita Margaret "khuki", yaani kibinti. Kula pamoja na mtu asiye wa tabaka lako lilikuwa jambo la kutengwa. Mama yule alipokula, wengine wakakosa la kusema.

#6 Kibarazani

Mzizima, umenifungulia njia. Bila Sarada Devi shule isingefunguka, na nieleze hatua zake.

Kiangazi cha 1898 Nivedita alisafiri na Vivekananda na wenzake, Almora, Kashmir hadi pango la Amarnath. Safari ile ilimvunja. Bado alikuwa raia mwaminifu wa himaya ya Kiingereza, na mwalimu wake alimkatiza bila huruma, hadi akamwambia kwamba uzalendo wa namna ile ni dhambi. Nalitaja kwa sababu wengi hudhani alifika Calcutta tayari ameelewa. Hapana, miezi ile ilitumika kumfundisha anyamaze na kutazama.

Novemba akarudi Bagbazar, kaskazini mwa Calcutta, mtaa wa Wahindu washika mila. Kwa siku chache alikaa kwenye nyumba ya Sarada Devi, 10/2 Bosepara Lane, kisha akahamia nyumba ya namba 16, kichochoro kile kile. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Wazungu wa Calcutta walikaa kwao, kwenye barabara pana. Yeye akapanga mahali ambapo mama wa mtoto angeweza kuchungulia kutoka darini akaona kinachofanyika uani.

Tarehe 12 Novemba 1898 kikafanyika kikao cha wazee wa mtaa nyumbani kwa Balaram Bose. Nivedita akaeleza mpango wake na kuomba mabinti. Kimya. Vivekananda alikuwa ameingia polepole akakaa nyuma. Akaanza kuwagusa mabega wanaume waliokuwa na mabinti, akiwahimiza wasimame wajitolee. Walipoendelea kusita, akatangaza kwa sauti, kwa niaba ya mmoja wao, kwamba bwana huyu anamtoa binti yake. Nivedita akafurahi mno. Wanafunzi wa kwanza walipatikana hivyo, kwa kusukumwa.

Kesho yake, 13 Novemba, siku ya ibada ya mungu-mke Kali, Sarada Devi akaja kufanya ibada na kuifungua shule, akiomba baraka za Mama wa Mbinguni ziwe juu yake na mabinti wake. Vivekananda alikuwepo pamoja na watawa wenzake.

#7 Jirani_Mwema

Ahsanteni sana. Lakini nasoma mahali kwamba shule ilifungwa mwaka uliofuata. Ilishindwa?

#8 Kibarazani

Ilifungwa kweli, na sababu kuu ni fedha. Elimu ilikuwa ya bure, na watoto walikuwa wa familia ambazo zisingelipa ada kwa ajili ya binti hata kama zingekuwa nazo. Juni 1899 Nivedita akaondoka na Vivekananda kwenda Uingereza na Marekani kutafuta wafadhili. Miezi ile ya mwanzo mwenyewe aliihesabu kuwa ya majaribio, na alitoka na somo moja kubwa: mpango wa kuwafundisha watoto wadogo peke yao hauna mizizi.

Akiwa Marekani akatunga waraka wa maombi ya fedha. Humo hakuomba darasa la chekechea. Aliomba nyumba na kiwanja kando ya Ganges, cha kuchukua wajane kama 20 na mabinti yatima 20. Masomo: Kibengali na Kiingereza, hesabu za msingi zifundishwe kwa kina, sayansi kidogo ifundishwe kwa kina, na kazi za mikono za kufufua ufundi wa zamani wa India, ili mwanamke ale kwa jasho lake. Kwa nini wajane? Kwa sababu mjane wa Kibengali hakuolewa tena, alikuwa na muda, na angeweza kuwa mwalimu asiyeondolewa kazini na ndoa.

Nyumba ile ya kando ya mto haikupatikana kama ilivyoandikwa. Lakini ukisoma kilichofuata baada ya 1902, mpango ni ule ule, umebanwa ndani ya vyumba vya kichochoroni.

#9 Mzizima_Kale

Tuweke na hesabu ya umri hapa, maana ndiyo iliyokuwa mwiba.

Sheria ya 1891 ilipandisha umri wa chini wa binti kuingiliwa na mumewe kutoka miaka 10 hadi 12, na hata hiyo ilizua maandamano Bengal. Ndoa yenyewe haikuwekewa umri mpaka sheria ya 1929 ilipotaja miaka 14 kwa msichana. Kwa hiyo mwaka 1898 ukimpokea mtoto wa miaka 6, umepata miaka minne, ukibahatika mitano. Anaondoka wakati ndiyo kwanza anaanza kusoma kwa ufasaha. Mwalimu anayepanga mtaala wa miaka minane hapo anajidanganya.

Shule za wasichana zilikuwepo. Bethune ilianza mwaka 1849, lakini washika mila waliiona ya wale walioiga Uzungu. Wamisionari walituma walimu wa kike majumbani, na familia nyingi ziliwafungulia mlango huku zikiogopa Biblia iliyo mkobani. Mwaka 1893 Mataji Tapaswini, mwanamke wa Kihindu, alifungua Mahakali Pathshala hapo Calcutta, akifundisha ibada, Sanskriti na kazi za nyumbani, na wazazi wakaikubali. Nivedita aliingia katikati ya hao wote: mwalimu wa Kizungu asiye na Biblia mkobani, anayefundisha hesabu na kazi za mikono kwa watoto wa mtaa wa mila. Hapakuwa na mfano wa kuigiza.

#10 MwanaPwani

Sasa niseme juu ya akina mama, maana kwetu pwani neno lake tunalo: kutawishwa. Wanawake wa Bagbazar walitawishwa. Kutoka nje bila sababu ilikuwa aibu kwa nyumba nzima.

Mwaka 1902 Nivedita alirudi, na shule ikafunguliwa tena, sasa nyumba ya namba 17 ikiwa ndiyo kituo. Mwaka huo huo akafika Christina Greenstidel, mwalimu wa Detroit aliyezaliwa Ujerumani, anayejulikana kama Dada Christine. Novemba 1903 wakaanzisha sehemu ya wanawake wakubwa. Angalieni jinsi ilivyopangwa:

Saa za masomo zilikuwa mchana, baada ya wanawake kupika na kulisha nyumba, kabla ya maandalizi ya jioni. Ukiweka darasa asubuhi hutampata hata mmoja. Somo la kuvutia lilikuwa ushonaji na ukataji nguo, alilolishika Christine. Mume na mama mkwe waliona faida yake mara moja, hivyo ruhusa ilipatikana. Kusoma na kuandika kukaingia nyuma ya sindano. Mafundisho ya dini alipewa Yogin-Ma, mwanamke wa karibu na Sarada Devi, si Mzungu yeyote. Hilo lilikuwa kinga: hakuna aliyeweza kusema wageni wanawageuza wake zetu.

Wageni wawili wakawaachia wenyeji somo ambalo kwao wenyewe lilikuwa muhimu kuliko yote. Naliheshimu sana jambo hilo.

#11 Mwl_Chekechea

Bi MwanaPwani, umenikumbusha alpana, na hapa nataka nikae kidogo.

Alpana ni michoro meupe ambayo wanawake wa Bengal huchora sakafuni na kizingitini siku za ibada: nyayo za mungu-mke Lakshmi zikiingia ndani, yungiyungi, masuke ya mpunga, misokoto ya mimea itambaayo. Nivedita aliithamini sana. Aliona kwamba mwanamke anayeambiwa hajasoma tayari ana mkono wa msanii, jicho la ulinganifu na kumbukumbu ya maumbo mengi. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba anachokijua ni elimu.

Inavyofanyika: mchele mbichi unalowekwa hadi ulainike, unasagwa juu ya jiwe hadi uwe uji laini usio na chenga, unaongezwa maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa mazito. Unachovya kitambaa kidogo cha pamba, unakishika ndani ya kiganja kwa vidole vingine, uji unatiririka kupitia kidole cha pete, na kidole hicho ndicho kalamu. Ukikamua kitambaa kwa nguvu, mstari unavimba, ukilegeza, unakatika. Uji ukiwa mzito, ukikauka unapasuka na kubanduka. Ukiwa mwepesi mno, ukikauka hauonekani. Wakati wa kuchora mstari unaonekana hafifu, weupe wake hutokea baadaye, kwa hiyo mchoraji anayeanza huzidisha uji akidhani haujashika. Wapaka piko watanielewa: mkono hausimami katikati ya mkunjo.

Sasa linganisheni na zawadi ya Froebel. Ulinganifu wa pande nne, kurudia umbo, kutoka kitovu kwenda nje, mkono ukifuata jicho. Yote yamo, kwa gharama ya konzi ya mchele.

#12 Jirani_Mwema

Hii ya alpana imenigusa. Lakini kuna kitu kimoja sijakielewa. Watu walewale waliosita kutoa mabinti Novemba 1898, walimkubali vipi mpaka wake zao wakaja darasani 1903?

#13 Mzizima_Kale

Tauni.

Machi 1899 ugonjwa uliishika Calcutta. Misheni ya Ramakrishna, shirika la huduma alilolianzisha Vivekananda, ikaanza kazi ya usafi tarehe 31 Machi, Nivedita akiwa katibu na Swami Sadananda akiongoza wafagiaji. Kazi ilikuwa ya vichochoro: kuzoa taka zilizolundikana, kusafisha mifereji, kumwaga dawa ya kuua vijidudu, kupaka kuta chokaa. Ugumu haukuwa ufagio. Kufagia uchafu ilikuwa kazi ya tabaka la chini kabisa, na vijana wa familia bora wasingeshika ufagio hata kwa kifo. Tarehe 22 Aprili aliwahutubia wanafunzi kwenye ukumbi wa Classic Theatre juu ya wajibu wao, Vivekananda akiwa mwenyekiti, na baadhi wakajiandikisha. Siku moja wafanyakazi walipopungua, akachukua ufagio mwenyewe akaanza kufagia kichochoro. Vijana wa mtaa wakaona aibu, wakampokonya.

Daktari Radha Gobinda Kar, ambaye hospitali kubwa ya Kolkata ina jina lake hadi leo, aliandika jinsi alivyomkuta kwenye kibanda chenye unyevu, amempakata mtoto mgonjwa wa tauni. Daktari alikuwa ameshauri kibanda kisafishwe. Akamkuta amepanda ngazi ndogo anapaka chokaa kwa mkono wake. Mtoto alifia mikononi mwake.

Ndugu Jirani, mama aliyeona hayo akiwa darini hakuhitaji tena kikao cha wazee.

#14 Kibarazani

Niongeze kuhusu fedha na kujitoa kwake kwenye shirika, maana vinaenda pamoja.

Vivekananda alifariki 4 Julai 1902. Wiki mbili baadaye, tarehe 18 Julai, Nivedita akajitoa rasmi katika shirika la Ramakrishna, na habari ikatolewa magazetini. Si kwa ugomvi. Kanuni ya shirika ilikataza siasa, naye alikuwa ameshaona kwamba hawezi kuinyamazia serikali ya kikoloni. Angebaki, polisi wangekuwa na sababu ya kuingia Belur. Uhusiano wake na Sarada Devi na watawa haukukatika. Barua zake aliendelea kuzitia sahihi kama Nivedita wa Ramakrishna-Vivekananda.

Kwa shule maana yake ilikuwa hii: kuanzia hapo kodi, chakula cha walimu na vifaa vilikuwa juu ya mabega yake. Mfadhili mkubwa alikuwa Sara Bull wa Marekani, mjane wa mpiga fidla Ole Bull wa Norwei. Sehemu nyingine ilitoka kwenye vitabu na makala zake. Kasoro ya mpango wa namna hii iko wazi: mwandishi akiugua, shule inaugua. Mwaka 1906 alikwenda Bengal ya Mashariki kwenye njaa na mafuriko, akitembea majini kijiji hadi kijiji, na baada ya hapo akaugua malaria vibaya. Afya yake haikurudi kama zamani.

#15 Sauti_ya_Pili

Wakuu, nimefuatilia kwa heshima, lakini tuseme na upande mwingine. Nivedita aliipamba mno India. Katika maandishi yake ujane, kutawishwa na ndoa za kupangwa vinaonekana kama mashairi. Wapo Wahindu wa wakati wake waliopigana na mila hizo kwa jasho, na haikuwasaidia Mzungu kuja kuzipaka dhahabu. Hata mshairi wa Kibengali Rabindranath Tagore, aliyemheshimu, alikiri kwamba nguvu za Nivedita zilikuwa ngumu kufanya nazo kazi.

#16 Mzizima_Kale

Hoja yako nzito, na sitaipinga yote. Ni kweli alipamba, kwa sababu aliandika kuwajibu wamisionari na maofisa walioichafua India mbele ya wasomaji wa Ulaya. Ukimsoma kama mtetezi mahakamani utamwelewa; ukimsoma kama mtafiti utaona mapengo.

Lakini mpime kwa alichofanya, si kwa alichoandika tu. Mikono ile ile iliyoandika sifa za mjane mtulivu ilimfundisha mjane kushona na kusoma ili asiwe mzigo. Na kuhusu Tagore: aliwahi kumwomba amfundishe binti yake Kiingereza. Nivedita akakataa, akisema hataki kumtwika mtoto malezi ya Kizungu kutoka nje. Tagore hakukubaliana naye, lakini baada ya kifo chake ndiye aliyemwita Lokmata, Mama wa Watu.

#17 Sauti_ya_Pili

Nimekuelewa, mkuu. Hapo kwenye kumpima kwa matendo nakubali. Na siasa iliingia darasani?

#18 MwanaPwani

Iliingia. Baada ya Bengal kugawanywa mwaka 1905, wimbo wa Bande Mataram, ambao serikali iliupiga vita, uliimbwa shuleni kwake kila siku. Gurudumu la kusokotea uzi likaletwa. Aliwafundisha wasichana kulitamka jina la nchi, Bharatavarsha, kama mtu anavyotamka dua kwa shanga. Pia walishona bendera aliyoibuni, yenye alama ya vajra, radi ya mungu Indra, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya mkutano wa chama cha Congress mwaka 1906 hapo Calcutta. Alama hiyo ya vajra ndiyo ilichukuliwa baadaye na taasisi ya sayansi aliyoifungua rafiki yake Jagadish Chandra Bose mwaka 1917.

#19 Kibarazani

Nimalizie na urithi, kwa sababu hapa ndipo shule nyingi za mtu mmoja hufa.

Sara Bull alifariki Januari 1911. Nivedita mwenyewe alifariki Darjeeling, tarehe 13 Oktoba 1911, akiwa mgeni wa familia ya Jagadish Bose, kabla ya kutimiza miaka 44. Siku chache kabla, tarehe 7, aliandika wosia: alichonacho na haki za maandishi yake ziende kwa wadhamini wa Belur, mapato yatumike kwa elimu ya wanawake wa India iliyo ya India. Alikuwa amejitoa kwenye shirika mwaka 1902, lakini mali aliikabidhi hapo hapo.

Tena mrithi alikuwepo tayari. Sudhira, msichana wa Kibengali, alijiunga kufundisha mwaka 1906. Christine aliporudi Marekani mwaka 1914, Sudhira akashika uongozi mpaka alipofariki mwaka 1920. Mwaka 1918 shule ikawa chini ya Misheni ya Ramakrishna, na mwaka 1963 ikakabidhiwa kwa Misheni ya Ramakrishna Sarada, ambayo huongozwa na wanawake watupu. Ipo hadi leo, na kichochoro ilipo sasa kina jina lake. Nyumba ya namba 16 serikali ya jimbo iliinunua, ikakabidhiwa misheni hiyo, ikakarabatiwa kuwa makumbusho.

#20 Jirani_Mwema

Swali la mwisho, mkuu. Kuna mwanafunzi yeyote anayejulikana alikofika?

#21 Kibarazani

Yupo. Msichana aliyeitwa Sarala alisoma hapo. Alikuwa ameozwa angali mtoto, naye hakuitaka ndoa hiyo. Sudhira akamsaidia kutoroka. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Lady Dufferin, akamuuguza Sarada Devi katika maradhi yake ya mwisho mwaka 1920. Mwaka 1954 ilipoanzishwa Sri Sarada Math, nyumba ya watawa wa kike wanaojitawala wenyewe, ambayo Vivekananda aliitamani tangu uhai wake, aliyewekwa kuwa rais wa kwanza ni yeye, kwa jina la Pravrajika Bharatiprana. Alipewa sannyasa, hatua ile ambayo Nivedita hakuipata.